Kuwajaribisha Watu Vyombo, na Ugomvi wa Mafundi

Wasomaji wa kurasa zetu za Kiswahili, chukueni simu na kikokotoo, mviweke mezani kando kando. Tazameni tarakimu. Katika simu mstari wa juu una 1, 2, 3. Katika kikokotoo mstari wa juu una 7, 8, 9. Kidole ni kile kile na tarakimu ni zile zile, lakini mpango si mmoja. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliniuliza ni nani aliyekata shauri hilo, nami nikamwahidi kumjibu katika gazeti hili la shule, kwa kuwa jibu lake lazidi kipindi cha dakika arobaini. Tena ndani ya jibu hilo mna somo kwa kila mtu atakayefanya kazi ya kuunda vyombo pamoja na wenzake.

Simu za zamani hazikuwa na vitufe. Zilikuwa na kisahani chenye matundu kumi. Ulitia kidole katika tundu, ukazungusha, ukaachia, kikarudi chenyewe kikilia. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Maabara ya Bell huko Marekani walitaka kukiondoa kisahani hicho na kuweka vitufe vya kubonyeza, na swali likazuka: vipangwe namna gani? Mashine za kujumlisha za maofisini zilikuwa tayari na 7, 8, 9 juu. Je, wafuate hizo? Au wapange kwa duara, mfano wa kisahani? Au mistari miwili ya vitano vitano? Kila mpango ulikuwa na sababu zake, na mtu angeweza kuutetea kutwa kucha.

Mwaka 1955 watafiti wawili, Lutz na Chapanis, walitangaza uchunguzi wao. Waliwapa watu picha za vitufe vitupu, wakawaomba waandike tarakimu mahali ambapo wangezitazamia. Wengi waliandika kama tusomavyo kitabu, kutoka kushoto kwenda kulia, na kutoka juu kwenda chini. Kisha mwezi wa Julai 1960 Bwana R. L. Deininger akachapisha katika jarida la Bell habari za majaribio yake. Yeye hakuishia katika kuuliza. Aliwaweka watu mbele ya vitufe vilivyopangwa kwa namna mbalimbali, wakapiga namba, akapima muda waliotumia na makosa waliyofanya. Tena akataka kujua wanapenda mpango upi.

Matokeo yake yafaa yasomwe polepole. Kwa upande wa mwendo na makosa, mipango mingi ilikaribiana, hata Bwana Deininger akasema kwamba waundaji wana nafasi pana ya kuchagua. Bali kwa upande wa mapenzi, watu walibagua zaidi: wengine waliupenda mpango huu wakauchukia ule, ingawa vidole vyao vilikwenda sawasawa katika yote miwili. Yaani kitu mtu anachokipenda na kitu anachokitumia vizuri si lazima kiwe kimoja. Tena jaribio halikuwapa wataalamu wale mshindi. Iliwabidi wapime wenyewe mwendo, mapenzi ya watu, na ufundi wa kuunda simu yenyewe, kisha wakate shauri. Wakachagua mistari mitatu ya vitatu vitatu, 1 ikiwa juu kushoto, na sifuri chini peke yake. Tarehe 18 Novemba 1963 wateja wa miji ya Carnegie na Greensburg, katika jimbo la Pennsylvania, wakaanza kuzitumia simu hizo. Nyota na alama ya reli zilifuata mwaka 1968. Mashine za hesabu zikabaki na desturi yao, na ndiyo maana vyombo vyenu viwili vinagombana mezani mpaka leo.

Kazi hii ya kuwaketisha watu mbele ya chombo na kuwatazama wakikitumia leo huitwa majaribio ya watumiaji, na kila kampuni kubwa ya kuunda programu za simu na kompyuta huifanya. Ukiitazama haina uchawi. Wamwita mtu ambaye kweli atakitumia chombo chako, wampa kazi halisi ya kufanya, kisha wanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Waona mahali anapositasita, mahali anapobonyeza pasipo, mahali anapokunja uso na kurudi nyuma. Unaandika. Usimsaidie, wala usimweleze ulikuwa na nia gani, maana siku ya kukitumia kwake hutakuwapo. Kwa kutafuta mahali watu wanapojikwaa, sijaona njia bora kuliko hii.

Lakini kuna kazi nyingine ambayo majaribio hutwikwa, nayo ni kuamua ugomvi wa mafundi. Hivi ndivyo inavyotokea. Fundi mmoja ataka kitufe kiwe juu, mwenzake ataka kiwe chini. Wanabishana Jumatatu, wanabishana Jumanne. Siku ya tatu mkubwa wao, aliyechoka kusikiliza, asema: "Basi, tuwajaribishe watu, wao ndio watakaoamua." Neno hilo lasikika kuwa la haki kabisa. Nani atakataa kuwasikiliza watu? Na kwa kuwa hakuna awezaye kulikataa, hakuna anayeuliza kama swali lenyewe ni la kujibiwa kwa njia hiyo. Kuanzia hapo kila mmoja hatafuti tena mahali watu wanapojikwaa, bali atafuta ushahidi wa kumshinda mwenzake.

Niliyaona haya kwa macho yangu. Kabla ya kushika chaki nilifanya kazi miaka miwili mjini Kampala katika kampuni moja ya kuunda programu za simu, ambayo sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni wakati wa majaribio na kuandika yanayotokea. Tulikuwa tukiunda programu ya makarani wa ghala la kununulia kahawa. Mkulima aleta magunia ya kahawa kavu yenye maganda, ile tuitayo kiboko. Karani apima kwa mizani, aingiza uzito katika simu, na programu yapiga hesabu ya malipo. Ugomvi ukazuka juu ya jambo lile lile la Bwana Deininger. Fundi mkubwa, mtu mzima mwenye heshima zake, alitaka vitufe vya kikokotoo, kwa kuwa makarani wana vikokotoo mezani. Bibi mmoja, kijana hodari sana, alitaka vitufe vya simu, kwa kuwa chombo chenyewe ni simu. Kila mmoja alikuwa na hoja nzuri. Wakabishana wiki mbili, mpaka wakawa hawanywi chai pamoja. Mkubwa wa ofisi akaagiza jaribio.

Yule bwana ndiye aliyeandika kazi za jaribio. Wakaitwa vijana wanane wa chuo kikuu, kwa kuwa chuo kilikuwa karibu. Namba ya kwanza waliyoambiwa waingize ilikuwa 789, na ya pili 456. Sisemi kwamba alikusudia hila. Nadhani mkono wake uliandika namba ambazo jicho lake lilikuwa likiziona. Mwisho wakaulizwa, "Je, mpango huu haukukurahisishia?" Sita katika wanane wakachagua mpango wake. Bibi naye hakukubali. Akaomba jaribio lake, akawaita watu saba, akawapa kazi ya kuingiza namba za simu za wakulima. Sita katika saba wakachagua mpango wa simu. Sasa kila upande ulikuwa na karatasi yenye takwimu, na ugomvi ambao zamani ulikuwa wa maneno matupu ukawa wa maneno yenye silaha.

Wakati huo daftari langu lilikuwa na jambo jingine. Katika majaribio yote mawili palikuwa na zoezi la kuingiza uzito wenye nukta, mfano kilo 46.5. Watu wanne katika wale kumi na watano, kwa mpango wowote waliopewa, hawakuiona nukta, maana ilikuwa ndogo na imejificha pembeni ya sifuri. Waliandika 465, na programu ikakubali bila kusema neno. Nililisoma jambo hili mkutanoni. Nikaambiwa kwamba hilo silo lililokuwa likijaribiwa.

Programu ikapelekwa ghalani. Mpango wa nani ulishinda sitasema, kwa sababu haukuleta tofauti yoyote niliyoiona. Lakini baada ya siku chache mkulima mmoja aliandikiwa kilo mia nne sitini na tano kwa gunia moja, mhasibu wa chama cha ushirika akapiga kelele, na amri ikatoka: mpaka programu itengenezwe, makarani waache nukta kabisa, waandike kilo kamili tu. Kilo 46.5 ikawa 46. Kilo 51.9 ikawa 51. Kwa karani si kitu. Lakini kila gunia lilimpunja mwenyewe kiasi, na hakuna gunia lililomwongezea. Mwenye magunia ishirini aweza kupoteza kilo kumi hivi, na hao ni watu wanaolipa karo za watoto kwa kahawa hiyo. Msimu mzima ulipita hivyo kabla nukta haijatengenezwa.

Wengine watasema kosa lilikuwa la watu wale wawili tu. Sikubali. Bwana Rolf Molich na wenzake walilipa swali hili kipimo kizuri. Mwishoni mwa mwaka 1998 vikundi tisa vya wajuzi, kila kimoja peke yake, vilichunguza huduma ile ile ya barua pepe iliyoitwa Hotmail. Wote kwa jumla waliona taabu 310 mbalimbali. Na karibu robo tatu za taabu hizo zilionwa na kikundi kimoja tu, vingine vikapita bila kuziona. Hao hawakuwa na ugomvi. Kila kikundi kiliandika kazi zake na kuchagua watu wake, na kwa hiyo kikaona yake. Basi fikirini mwandishi wa kazi akiwa yeye mwenyewe ni mdai katika kesi!

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Chukueni sarafu tano, mzirushe. Sarafu haina mapenzi na upande wowote. Njia ambazo sarafu tano zaweza kuanguka ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 32. Katika hizo, njia 2 zaleta tano kwa sifuri, njia 10 zaleta nne kwa moja, na njia 20 zaleta tatu kwa mbili. Kwa hiyo mara 12 katika 32, zaidi ya theluthi, sarafu zisizo na akili zitakupa ushindi wa nne kwa moja au zaidi, kwa upande mmoja au mwingine. Mtu akija kwako na kusema, "Tumewauliza watu watano, na wanne wameupenda mpango wangu," kumbuka sarafu hizo. Na wale vijana wanane? Wanafunzi wa Kidato cha Nne wahesabu wenyewe: njia zote ni 256, na njia za kupata sita au zaidi kwa upande wowote ni 74, yaani kama 29 katika kila mia. Ushindi wa yule bibi, sita katika saba, ulikuwa na nguvu zaidi kidogo: njia 16 katika 128, moja katika nane. Hata huo nisingeujengea nyumba.

Hapo hutajibiwa kwamba wataalamu wenyewe wamesema watu watano wanatosha. Ni kweli neno hilo lilisemwa, na lina asili yake. Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer waliandika kwamba, katika miradi waliyoitazama, mtu mmoja anayejaribishwa huonyesha kwa wastani asilimia 31 ya taabu zilizomo katika chombo. Basi baada ya mtu wa kwanza zimebaki 69 katika mia ambazo hazijaonekana. Baada ya wa pili 69 ya hizo 69, yaani 48 hivi. Baada ya wa tatu 33. Wa nne 23. Wa tano 16. Kwa hiyo watu watano huonyesha kama asilimia 84 au 85, na fedha za mtu wa sita yafaa ziwekwe kwa jaribio la baadaye, chombo kikisha kutengenezwa. Hesabu ni nzuri, ingawa mwaka 2001 Jared Spool na Will Schroeder walijaribu kurasa kubwa za biashara za intaneti wakakuta watu watano wa kwanza wameonyesha asilimia 35 tu. Lakini tazameni hesabu hii yahesabu nini. Yahesabu mashimo ya njiani. Mtu mmoja akianguka shimoni, shimo lipo, wala halihitaji kura. Kuchagua kati ya njia mbili ni hesabu nyingine kabisa, ya sarafu, na kuichukua ile "watano wanatosha" kutoka huku na kuipeleka huko ni kama kupima urefu wa kitambaa kwa kibaba.

Basi je, tukiwa na watu wengi ugomvi utakwisha? Hesabu ya sarafu itatulia, ndiyo. Swali halitatulia. Mwezi wa Machi 2009 Bwana Douglas Bowman, aliyekuwa mkuu wa wasanifu wa sura za kurasa katika kampuni ya Google, aliacha kazi, akaandika sababu zake hadharani. Alieleza kwamba kikundi kimoja kilishindwa kuchagua kati ya rangi mbili za buluu, kwa hiyo wakawa wanajaribu buluu 41 zilizo kati ya hizo mbili, ili kuona ipi inafanya vizuri zaidi. Tena yeye mwenyewe alikuwa amebishana na wenzake kama ukingo fulani uwe na upana wa nukta 3 za kioo, au 4, au 5, akatakiwa alete uthibitisho.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama kichekesho, lakini kina upande wa pili. Mwaka 2014 mkubwa mmoja wa Google huko Uingereza alisema kwamba buluu iliyoshinda iliwaongezea mapato ya dola milioni 200 kwa mwaka. Kampuni inayolipwa kila mtu anapobonyeza tangazo, ikiwa na mamilioni ya watu wa kuwajaribu, ina haki ya kuuliza buluu ipi inabonyezwa zaidi. Hilo ni swali lenye jibu, na jibu lina fedha. Kwa rangi, basi, mimi nipo upande wa kampuni. Kwa ukingo wa nukta tatu au nne nipo upande wa Bwana Bowman. Huko hapakuwa na swali. Palikuwa na watu wasiotaka kumwamini fundi waliyemwajiri wao wenyewe, na jaribio likawa namna ya adabu ya kumwambia hivyo.

Na wingi una hatari yake. Kabla ya tarehe 23 Aprili 1985 kampuni ya Coca-Cola iliwaonjesha watu karibu 200,000 soda yenye ladha mpya, na wengi waliipenda kuliko ya zamani. Ikatoa mpya, ikaondoa ya zamani. Tarehe 11 Julai mwaka ule ule ikatangaza kuirudisha ya zamani, baada ya malalamiko mengi sana. Ulimi katika kikombe kidogo ulisema kweli juu ya kikombe kidogo. Kuondoa kinywaji ambacho watu wamekizoea tangu utoto ni jambo jingine, na halimo kikombeni.

Mafundi wawili wakigombana, mimi ningewataka jambo moja kabla ya mtu yeyote kuitwa. Kila mmoja aandike katika karatasi yake: nikiona nini nitakubali kwamba mwenzangu ana haki? Mara nyingi karatasi hubaki tupu, na hapo twajua kwamba hakuna jaribio litakalosaidia. Ugomvi ni wa heshima, au wa cheo, au wa chai. Kama karatasi zimejaa, kazi ziandikwe na mtu wa tatu asiyejali nani atashinda, tena aite makarani wa kahawa, asiite wanafunzi wa chuo kwa sababu tu chuo ki karibu. Awatazame wanavyofanya. Wanachokipenda akiulize mwisho, na akiandike mbali. Na mwandishi wa pembeni akiona nukta imejificha, isomwe kwanza.

Yapo pia maswali ambayo hata jaribio safi haliyagusi. Katika programu ile ya kahawa palikuwa na swali kama mkulima apewe karatasi yenye uzito wake palepale, au karani peke yake auone. Karatasi ina gharama, na foleni hurefuka. Ukimpima karani kwa saa, mpango usio na karatasi utashinda kila siku. Lakini nani alisema saa ya karani ndiyo kipimo? Kuchagua kipimo hicho ni kuchagua kati ya karani na mkulima, na kazi hiyo ni ya mkubwa mwenye jina lake chini ya barua, asimame mbele ya chama cha ushirika aseme, "Nimeamua hivi, kwa sababu hii." Katika kampuni ile hakuna aliyesimama. Walisema watumiaji wameamua.

Chama chetu cha kompyuta kinaanza muhula huu kuunda programu ya kuazima vitabu vya maktaba, na tayari wajumbe wawili hawasemezani kwa sababu ya orodha ya vitabu: mmoja ataka ipangwe kwa majina ya waandishi, mwingine kwa masomo. Nimewapa kila mmoja karatasi tupu. Wengine mnaotaka zoezi, rusheni sarafu nane mara hamsini, mwandike ni mara ngapi mmepata sita au zaidi za upande mmoja, kisha mniletee chumba cha hisabati siku ya Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Kwa hesabu ya hapo juu natazamia kumi na nne au kumi na tano hivi. Atakayeleta hamsini kamili itabidi azirushe tena mbele yangu.